Mafundi rejeta wa Ipogolo

Mji wa Iringa umekaa juu ya mlima, na barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia haiujali. Inapita chini, Ipogolo, inavuka Mto Ruaha Mdogo na kushika njia ya Mafinga. Lori lililotoka Dar es Salaam linapofika hapo limeshapita joto la Ruaha Mbuyuni, limeshapanda Kitonga kwa gia nzito, na kama lina ugonjwa wowote kwenye maji yake, ugonjwa huo umeshajitangaza. Ndiyo maana Ipogolo palikuwa na mafundi rejeta hata wakati ambapo duka la dawa lilikuwa halijapatikana huko chini.

Watu wa mbali hudhani fundi magari ni fundi magari. Ipogolo walikuwa wamegawana gari kama wachinjaji wanavyogawana ng'ombe. Makanika alikuwa na injini na giaboksi, fundi umeme alikuwa na nyaya na dinamo, fundi springi alilala chini siku nzima, na fundi rejeta alikuwa na maji. Hakugusa kingine. Mjomba wangu alikuwa wa maji. Mimi nilianza kwake kwa kuchota ndoo, nikapanda cheo nikawa wa kupuliza moto, na mpaka leo mteja mgeni akiingia banda langu huangaza macho nyuma yangu na kuuliza fundi yuko wapi.

Mlima wenyewe ndio uliotuajiri. Lori lililojaa linapanda Kitonga kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Injini inafanya kazi yake yote lakini upepo wa kuipoza haupo, umebaki ule wa feni tu. Na kadiri unavyopanda, maji yanachemka mapema zaidi. Pwani yanachemka kwenye digrii 100. Iringa, karibu mita 1,600 juu ya bahari, yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Mfuniko wa rejeta ndio unaoziba pengo hilo. Una springi inayoyabana maji yasichemke upesi: mfuniko mzima wa pauni 13 unasogeza kiwango cha kuchemka juu kwa digrii 20 au zaidi. Ukichoka springi, au mpira wake ukipasuka, rejeta iliyo nzima kabisa itatapika maji katikati ya mlima, na dereva ataapa kwamba imetoboka. Mjomba aliweka mifuniko mizuri kwenye kopo lililotundikwa ukutani. Gari likija linalalamika, jambo la kwanza alilofanya ni kuazima mfuniko huko na kuujaribu. Wateja wengi waliondoka wakiwa wamelipa bei ya mfuniko tu, jambo lililowakera mafundi wa mabanda ya jirani.

Tatizo lenyewe ni la zamani kama gari. Karl Benz alipotengeneza gari lake la magurudumu matatu huko Ujerumani, hakuwa na rejeta. Maji yalizunguka silinda, yakachemka, yakapotea hewani, ukaongeza mengine. Agosti 1888 mkewe, Bertha, alilichukua gari hilo na wanawe wawili wakasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kiasi cha kilomita 100, na kazi moja isiyokwisha njiani ilikuwa kutafuta maji. Nikisoma habari zake naona kwamba utingo wa kwanza duniani wa kubeba maji ya gari alikuwa mama mwenye watoto. Mwaka 1900 Wilhelm Maybach alibuni rejeta ya gari la Mercedes iliyokuwa na mirija midogo 8,070, kila mmoja wa milimita 6 kwa 6, yote imeshikanishwa kwa lehemu. Wanahistoria wa magari huishangilia rejeta hiyo, na ni haki yake, maana ilipoza injini kubwa kwa maji machache. Fundi akiitazama anaona maelfu ya viungo, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja.

Huku kwetu magari yalifika kwa wingi na vita. Kuanzia 1916 majeshi ya Uingereza yaliyokuwa yakiwafukuza Wajerumani yalitumia Ford za Model T, ambazo nyingi hazikuwa na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe kwenda rejeta, ya baridi yakashuka yenyewe kurudi kwenye injini, na maji yakipungua hata kidogo chini ya mrija wa juu, mzunguko unakatika. Gari la namna hiyo halimsamehe anayepuuza uvujaji mdogo. Dereva alilazimika kujua kiwango cha maji kama anavyojua kiwango cha petroli.

Nani alizitengeneza zilipotoboka? Hapa naeleza nilivyosimuliwa nyumbani. Aliyemfundisha mjomba alikuwa amejifunza kwenye karakana ya Mhindi mmoja mjini Iringa, mtu wa kutia kalai masufuria na masinia ya shaba, kuziba birika, kutengeneza taa za kandili. Mambo yote ya fundi rejeta yalikuwa tayari ndani ya karakana hiyo: moto wa mkaa, chuma cha kulehemu chenye kichwa cha shaba, risasi na bati, na chupa ya tindikali iliyolishwa vipande vya zinki mpaka ikaacha kutoa mapovu. Rejeta ilipoletwa pale mara ya kwanza, ililetwa kama chombo kingine cha shaba kinachovuja. Ndivyo ufundi huu ulivyopatikana, na hauna uhusiano wowote na shule za ufundi. Kwa hilo nawapinga wanaosema mafundi wetu wa magari walizalishwa na makampuni ya magari. Makanika labda. Fundi rejeta ametoka jikoni.

Miaka ya neema ya Ipogolo ilianza na jambo lililotokea mbali. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia ya Kusini. Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta kupitia huko, ikajikuta imekatiwa. Mafuta yakaanza kubebwa na malori kutoka bandari ya Dar es Salaam, mapipa kwa mapipa, juu ya barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Madereva waliifananisha na jehanamu, na jina hilo likaingia kwenye magazeti ya dunia. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya pamoja ya serikali za Zambia na Tanzania na Waitaliano, na Fiat zenye matela zikaanza kupita. Bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika 1968; lami ikafuata, na reli ya TAZARA katikati ya miaka ya 1970.

Mjomba alikuwa kijana wakati huo na alipenda kusimulia mzigo wa kurudi. Malori yalipanda na mafuta, yakashuka na shaba ya Zambia, mikate mizito ya shaba safi iliyopangwa juu ya matela ikielekea bandarini kwenda Ulaya na Japani. Tani kwa tani zilipita mbele ya banda ambamo fundi alikuwa anatafuta kipande cha shaba cha upana wa kiganja azibie rejeta ya lori hilohilo. Shaba ilipaswa kwanza ivuke bahari, irudi ikiwa rejeta, ndipo iwe halali yake. Alilisema hili bila hasira. Alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Barabara ya vumbi ilikuwa na uvujaji wake. Mtikisiko ulikata lehemu pale mirija inapoingia kwenye tangi la juu, na masikio ya kushikilia rejeta kwenye chesesi yaling'oka na kipande cha tangi. Mawe yaliyorushwa na gari la mbele yalitoboa uso. Lami ilipokuja watu walidhani kazi itaisha. Ilibadilika tu. Malori yalibeba zaidi na kukimbia zaidi, injini zikapata joto zaidi, na sasa maji yakawa yanatoka kwenye mipira iliyovimba, kwenye pampu, kwenye gasketi ya silinda hedi. Fundi aliyezoea kutafuta tundu alilazimika kujifunza kuuliza maswali.

Swali la mjomba lilikuwa moja, na madereva wa zamani wa njia hiyo bado wanalikumbuka: unaongeza maji asubuhi au jioni? Anayeongeza asubuhi, baada ya gari kulala, ana uvujaji wa baridi. Chuma kimesinyaa usiku, kiungo kimefunguka, maji yametoka polepole, na injini ikipata moto kiungo kinajifunga tena. Unaweza kulitazama gari hilo linanguruma kutwa nzima usione tone. Anayeongeza jioni, baada ya safari, anapoteza maji kwa msukumo: mpira, mfuniko, tundu dogo linalotema likipata presha tu. Anayeongeza asubuhi na jioni, na rejeta inatoa povu kama sufuria ya maharage, huyo alimwelekeza kwa makanika kwa upole, kwa sababu moshi wa silinda umeshapata njia ya kuingia kwenye maji na hakuna lehemu itakayomsaidia.

Baada ya swali yalikuja macho. Uvujaji unaacha maandishi, na rangi yake inasema umetoka wapi. Ukungu wa kijani kwenye mapezi ya rejeta ni shaba inayoliwa. Tundu liko hapo au juu yake kidogo. Mstari wa kahawia pembeni mwa bloku ni kutu ya chuma, na mara nyingi unatoka kwenye vile vifuniko vidogo vya duara vilivyogongewa ubavuni mwa injini, ambavyo huoza kutokea ndani. Unga mweupe ni chumvi ya maji, na magari ya Dodoma na Singida, ambako visima vingi vina chumvi, yalikuja nao mpaka kwenye klipu za mipira. Chini ya pampu kuna kitobo kidogo kilichowekwa makusudi na watengenezaji: sili ya ndani ikichoka maji yatokee hapo, yasiingie kwenye beringi. Nimeona mafundi wakikiziba kitobo hicho kwa gundi na kujisifu kwamba wameponya pampu. Wamemziba mgonjwa mdomo.

Kisha beseni. Tulikuwa na pipa lililopasuliwa kwa urefu, limelazwa juu ya mawe, limejaa maji. Rejeta ikitolewa kwenye gari tunaziba midomo yake kwa vizibo vya mti vilivyovalishwa vipande vya tyubu, tunaacha mmoja wa kuingiza upepo, tunaizamisha yote na kupiga pampu ya baiskeli. Mapovu yanapotokea ndipo penye tundu. Jambo la kuangalia ni kwamba povu hupenda kutambaa chini ya pezi na kuibukia mbali, kwa hiyo mtoto mwenye vidole vyembamba, yaani mimi, alitumwa kulifuata kwa kidole mpaka chimbuko lake na kuchomeka njiti ya kibiriti hapo. Rejeta moja inaweza kutoka na njiti nyingi ikafanana na nungunungu, na hapo mazungumzo ya bei huanza upya.

Kulehemu kwenyewe ni kazi fupi ukilinganisha na kusafisha. Lehemu haishiki penye mafuta wala kutu. Unakwangua mpaka shaba ing'ae, unapaka tindikali, unaleta moto wa blolampu kwa kupapasa, na lehemu, inayoanza kuyeyuka kwenye digrii 183, inakimbilia yenyewe penye joto. Ukizidisha moto, kiungo cha jirani kinafunguka. Huo ndio mtihani wa ufundi huu: kuziba hapa bila kufungua pale. Mrija uliochakaa mno unauawa, yaani unafinywa juu na chini na kuzibwa, rejeta inabaki na mirija iliyosalia. Ukiua michache gari halina habari. Ukiua mingi umempa mteja rejeta isiyovuja na isiyopoza, na atakuja kujua juu ya Kitonga.

Rejeta iliyoziba ilikuwa na tiba yake. Tangi la juu linafumuliwa lote kwa moto, na kila mrija unapitishwa spoku ya baiskeli iliyopondwa ikawa bapa. Ndani yake nilikuta mchanga wa mito, chokaa, na vitu vya jikoni. Dereva akitoboka porini humwaga ute wa yai, au bizari ya manjano, au pilipili manga kwenye maji. Inafanya kazi kweli. Yai linaganda kwa joto na kushikilia kwenye tundu, unga unajazana penye ufa, na gari linafika. Mafundi wa India wanaijua bizari hiyo kama sisi. Lakini yai halichagui tundu. Linaganda na kwenye mirija mizima, na ikipita wiki dereva anarudi na gari linalochemsha bila kuvuja hata tone.

Halafu ikaja miaka ambayo kila mtu wa umri wangu anaikumbuka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta iliyopanda duniani, na hazina isiyokuwa na fedha za kigeni. Magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana ili kubana petroli. Spea iliombwa kwa kibali, na kibali kilikuwa na safari yake. Rejeta mpya haikuwa jambo la kuzungumzia. Lehemu ya dukani ilikwisha, kwa hiyo tulifagia sakafu: matone yaliyodondoka yaliokotwa, rejeta zilizokufa zikachomwa juu ya karai ili viungo vyake vilie lehemu. Mipira ya rejeta ilishonwa kwa tyubu za trekta zilizozungushwa waya na kufungwa kwa vipande vya mpira. Gasketi zilikatwa kwenye maboksi. Naona wengine husimulia enzi hiyo kwa fahari, kama kwamba dhiki ilikuwa chuo. Mjomba hakuwahi kuisifu. Alisema alifanya kazi mara mbili kwa matokeo nusu.

Enzi hiyo ilituachia desturi moja mbaya ambayo haijatutoka: kutoa thamostati. Kifaa hiki kidogo kinazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Kikiharibika kikiwa kimefunga, gari linachemsha, na wakati ule hakukuwa na kingine cha kuweka. Fundi alikitoa, akakitupa, gari likapona. Ilikuwa busara ya siku hiyo. Leo thamostati inapatikana hata mitaani, lakini bado kijana aliyezaliwa juzi anaitoa kwenye gari zima na kusema hapa kwetu ni nchi ya joto haihitajiki. Iringa, mwezi wa Julai! Tena kwenye injini nyingi thamostati hiyohiyo ndiyo inayofunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye bloku bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa. Gari linatoka gereji likiwa limetengenezewa ugonjwa.

Bajeti ya 1984 iliruhusu mwenye fedha zake nje kuagiza bidhaa, na baada ya Mzee Mwinyi kushika nchi 1985 milango ikafunguka zaidi. Magari yaliyotumika kutoka Japani yalianza kuteremka, kwanza kwa uchache, halafu kama mvua. Tuliyafurahia. Hatukufungua boneti kwa makini. Ndani yake mlikuwa na rejeta za aluminiamu zenye matangi ya plastiki, mtindo ulioanza kuenea Ulaya miaka ya 1970, mwepesi na rahisi kutengenezwa kiwandani. Lehemu yetu haishiki kwenye aluminiamu, na plastiki hailehemiki hata kwa dua. Tangi la plastiki linapikwa na joto mwaka hadi mwaka mpaka linakuwa jepesi kuvunjika, kisha linapasuka ghafla kwa mstari mmoja mrefu pale linapobanwa na meno ya aluminiamu. Halina kutangulia kudondosha. Tulijaribu gundi za viwandani, tukajaribu kutoa plastiki na kubana tangi la shaba mahali pake, na zipo kazi zilizodumu. Lakini hesabu ilikuwa dhidi yetu: rejeta nyingine iliyotumika ilikuwa inauzwa kwa bei inayokaribia ya ukarabati. Mabanda ya Ipogolo yakaanza kufungwa au kugeuka ya kuuza vilainishi. Wanaosema mafundi walikuwa wavivu wa kujifunza hawakuwahi kushika chuma cha kulehemu; metali ndiyo iliyobadilika ikatuacha.

Kuna upande mwingine wa habari hii nisioupenda na siwezi kuuruka. Lehemu ni risasi. Miaka yote ile tulichoma tukiwa tumeinamia moshi, ndani ya banda la mabati wakati wa mvua, kisha tukala ugali kwa mikono iliyonawa kwa maji ya beseni lilelile. Mwaka 1991 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa ilitoa taarifa kuhusu kiwango cha juu cha risasi kwenye damu za mafundi rejeta wa huko. Sisi hatukupimwa na mtu. Mjomba mikono ilikuwa ikimtetemeka uzeeni, na tumbo lilimsumbua miaka mingi. Uzee unaweza kufanya hivyo, risasi inaweza kufanya hivyo. Kwenye banda langu moto uko nje chini ya mwembe, na vijana wangu wana sabuni yao na ndoo yao mbali na beseni. Wananiona mama mkali.

Kilichobaki kwenye ufundi huu ni sehemu yake ya kwanza, ile ya kutafuta. Plastiki haikuiua. Nina mfuniko wa zamani wa rejeta niliouchomelea vali ya tyubu ya baiskeli. Naufunga kwenye gari likiwa limepoa, napiga pampu kidogokidogo nikitazama geji ya tairi, bila kuzidi pauni zilizoandikwa kwenye mfuniko wa gari lenyewe. Sindano ikisimama, mfumo ni mzima. Ikishuka, maji yanatoka mahali fulani, na injini haijawashwa, haina kelele, haina moto wa kuniunguza, nasikiliza na kutazama kwa nafasi. Maduka yanauza kifaa kizuri cha kazi hiyo. Changu kimetoka kwenye kopo la mjomba.

Juzi hapa mwalimu mstaafu wa Mafinga aliniletea Pijo 504 ya marehemu mumewe, gari la rejeta ya shaba tupu, ambalo watoto wake wanamshauri aliuze. Maji yalikuwa yanapungua na hakuna aliyeona yanakokwenda. Gereji mbili zilikuwa zimeshamwambia ni gasketi ya silinda hedi, kazi ya fedha nyingi. "Mwalimu," nikamuuliza, "unaongeza asubuhi au jioni?" Akasema jioni, tena zaidi siku za baridi. Hilo la siku za baridi likanishtua. Oili ilikuwa safi, haina rangi ya maziwa. Nilifungua mfuniko injini ikiwa baridi, nikaiwasha, maji yakatulia bila povu. Nikafunga pampu yangu: sindano ikashuka polepole, na chini hapakuwa na tone, pampu kavu, mipira mikavu, bloku kavu.

Basi maji yalikuwa yanatokea ndani. Niliingiza mkono chini ya zulia la mbele, nikaukuta unyevu unaonata na harufu tamu ya kulanti. Nikamuuliza kama kioo cha mbele humfanyia ukungu wenye mafuta akiwasha joto. "Kila siku, mwanangu, nafuta kwa kanga!" Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo ya kupasha joto chumba cha gari, shaba kama mama yake, na ndiyo iliyokuwa inavuja. Siku za joto mwalimu aliifunga, siku za baridi aliifungulia, nayo ikamnywesha zulia.

Fundi mwenye haraka angekata mipira yake miwili na kuiunganisha pamoja kwenye injini, gari likatembea bila kihita. Dar es Salaam ningefanya hivyo bila kuuliza. Mtu wa Mafinga, ambako Julai asubuhi nyasi zinaota umande wa barafu, huwezi kumwambia aendeshe na blanketi. Kuitoa rejeta ile ilichukua muda mrefu kuliko kuilehemu: tundu lilikuwa moja, kwenye kona ya tangi, na ukungu wa kijani ulilizunguka kama nilivyofundishwa. Baada ya beseni niliirudisha na mipira mipya, nikasafisha mfumo mpaka maji yakatoka meupe, nikajaza kulanti na maji nusu kwa nusu huku bomba la kihita likiwa wazi ili hewa isinaswe huko ndani, na nikarudisha thamostati ambayo mtu alikuwa ameshaitoa.

Nilimwambia apime kabla ya kuwasha, kila asubuhi kwa wiki moja. Siku ya pili alipiga simu kwamba maji yameshuka kama upana wa kidole. Nikamwambia aongeze, ni hewa iliyokuwa imebaki inatafuta njia. Aliongeza, na hayakushuka tena. Sasa anataka nimtafutie mfuniko wa tangi la petroli wa Pijo ileile, na hiyo si kazi ya fundi rejeta.